Neeltje na Mafuta Yasiyoona Moto

Asubuhi ya mwisho tuliyokaa kama watu wa kawaida ilikuwa tarehe mbili Januari. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka mtoni. Neeltje alikaa jikoni na aproni yake ya buluu, miguu juu ya kigoda maana ilikuwa inamvimba, na mlango wa nyuma tuliuacha wazi japo baridi ilikuwa kali, kwa sababu majirani walikuwa wanaingia na kutoka na chupa zao.

Mtaa wetu hapa Vlaardingen, mji wa bandari, ni hivyo kila mwaka. Siku ya kufunga mwaka kila nyumba inakaanga maandazi, yale ya duara yenye zabibu kavu, mpaka mapazia yananuka. Mwaka ukifunguka watu wanabaki na mafuta wasiyojua wayapeleke wapi. Zamani waliyamwaga chooni, mabomba yakaziba, wakalaumiana. Neeltje ndiye aliyesema leteni kwangu. Wakaleta. Nikamtengenezea mkokoteni wa magurudumu mawili, tukawa tunayasukuma wenyewe mpaka bohari ya mafuta. Miaka kumi na tisa.

Asubuhi hiyo aliingia Bep wa namba kumi na nne, mjane, mdomo wake haupumziki.

"Heri ya mwaka mpya, shoga. Chupa mbili. Safi kabisa, maandazi matupu."

Neeltje alifungua kifuniko, akachovya kidole gumba, akakisugua na cha pili yake, akanusa.

"Bep."

"Nini?"

"Ulianza na samaki."

"Nani, mimi? Niape?"

"Ulikaanga samaki, ukaona hasara kumwaga, ukatia unga wa maandazi humohumo. Na wageni wakala."

Bep akanitazama nimtetee. Nikaangalia kahawa yangu.

"Samaki wawili tu," akasema Bep. "Wadogo. Na aliyekula ni shemeji yangu, yule hastahili zaidi ya hapo."

Neeltje alicheka mpaka akashika meza. Kisha akanigeukia: "Na wewe mzee, usikae kama gunia. Peleka hizi nje."

Nikapeleka. Nilikuwa uani nafunga kamba ya mkokoteni. Niliporudi alikuwa ameinamia meza, kidole gumba bado kinang'aa mafuta. Kiharusi. Alilala hospitali siku nne bila neno. Siku ya tano akafa.

Nitasema alikuwa mtu gani, kwa sababu miezi miwili baadaye alikuja mtu nyumbani kwangu kutaka jina lake.

Alizaliwa nyuma ya kibanda cha chipsi. Baba yake alikuwa nacho pale kwenye malango ya maji, ambapo matishali ya mizigo husubiri zamu ya kupita. Wakati huo walikaanga kwa mafuta ya ng'ombe. Baba yake hakuwa na kipimo chochote. Alikuwa na Neeltje. Akiwa na miaka tisa alimsimamisha juu ya kreti mbele ya karai, akamwambia, "Nusa." Naye ananusa, anasema "bado siku moja" au anasema "mwaga". Akisema mwaga, walimwaga, hata kama foleni imefika barabarani.

Mimi nilikuwa kwenye tishali la baba yangu. Tulibeba mchanga na kokoto. Watoto wa matishali tulisoma kwa vipande, wiki bandari hii, wiki bandari ile, na mpaka leo nasoma kwa kidole. Siku moja tukiwa tunasubiri zamu nilikwenda kununua chipsi. Yule msichana akaniangalia kuanzia kofia.

"Wewe ni wa mchanga."

"Umejuaje?"

"Nusu umeiacha juu ya kaunta yangu. Toa viwiko."

Nikatoa viwiko. Nikaagiza.

"Leo sikushauri," akasema. "Mafuta tumebadilisha asubuhi. Hayajakaanga kitu, chipsi zitakuwa hazina ladha. Rudi kesho."

Sijaona mfanyabiashara kama huyo, wa kumfukuza mteja. Nikamwambia baba injini ina kasoro. Tukapoteza zamu yetu, matishali kumi na moja yakatupita, na baba alinitukana kutoka mbele ya chombo mpaka nyuma. Kesho yake nikala chipsi. Alikuwa amesema kweli.

Tukaoana. Watoto hatukujaliwa. Baba yake alipokufa kibanda kilifungwa, na Neeltje akaajiriwa kwenye bohari ya mafuta machafu, kando ya gati. Malori yalikusanya mafuta ya vibanda vya chipsi, hoteli, kantini na hospitali, yakaja kumwaga kwake. Hapo mwanzo yalikwenda kwenye sabuni na kwenye chakula cha nguruwe. Baadaye malori yakaanza kuendeshwa kwa mafuta hayohayo. Halafu siku moja aliingia nyumbani, akasimama mlangoni na koti lake, hakulivua.

"Mzee, ndege inakula chipsi."

"Umekunywa?"

"Sijanywa. Wametuita wote wakatuambia. Kile kiwanda cha ng'ambo ya mto kinayapika upya kwa moto mkali sana, kinatoa kila kitu, samaki, chumvi, yote. Kinachobaki kinarusha ndege. Na meli nazo zitakuja kukinywa."

"Basi vua koti."

Hakulivua. Alitoka uani akaangalia juu.

Tangu hapo ilikuwa taabu kukaa naye bustanini. Ndege zinazoelekea uwanjani zinapita juu yetu. Anashika pini za nguo mdomoni, anasikiliza. "Hii inakwenda vizuri. Hawa walikaanga viazi." Nyingine: "Sikia inavyokoroma. Hayo ni mafuta ya kantini ya polisi." Alikuwa na furaha kama mtu mwenye mtoto rubani. Alisema tumekula chipsi maisha yetu yote na kumbe hatukupoteza kitu.

Kazi yake ilikuwa hii. Lori likifika, anapanda ngazi, anateremsha kikombe chenye mpini mrefu, anachota. Sampuli moja inakwenda maabara. Maabara inapima maji na uchachu. Lakini mashine haijui kama mafuta yalikaanga kitu au hayakukaanga. Hilo alilijua Neeltje, kwa kidole gumba. Kisha anatia sahihi. Bila sahihi yake bomba la kupakulia halikuunganishwa.

Alikosea mara moja. Lilikuja pipa kutoka nyumba ya watawa wazee huko Schiedam, akanusa akasema, "Haya mapya, hayajaona moto, rudisheni." Yakarudishwa. Ikaja kujulikana mtawa mpishi alikuwa anabadilisha mafuta kila baada ya sinia moja, kwa sababu ya tumbo la mtawa mmoja mgonjwa. Yalikuwa yamekaanga sinia moja ya madonge ya viazi vya kuponda, basi. Neeltje akaoka keki ya matofaa, akapanda basi kwenda kuomba radhi. Yule mpishi akamwambia, "Mwanangu, pua unayo. Imani ndiyo imepungua." Kisa hicho alikisimulia mwenyewe kwa kila mtu, anacheka. Angekuwa mtu wa kuficha asingekisimulia. Wakaja kumpiga nacho.

Miaka tisa iliyopita iliingia meli.

Si lori. Meli nzima ya mafuta, kutoka mbali, na karatasi zake zimepigwa mihuri, zinasema haya ni mafuta machafu ya jikoni. Wakati wa chakula cha mchana aliniuliza, na kijiko mkononi, "Mzee, unajua vibanda vyote vya mji huu vingekaanga miaka mingapi kujaza meli ile?" Sikujua. "Hata mimi sijui," akasema, "ila nitakuwa nimekufa." Akarudi kazini.

Alichota. Akachovya kidole. Hakusikia kiazi, hakusikia samaki wala unga. Mawese mapya, na uchafu kidogo juu yake, kama mtoto aliyejipaka tope aonekane ametoka shamba.

Hesabu yake hata mimi naielewa. Mafuta mapya yakiitwa taka, bei inapanda. Mashirika ya ndege yanataka taka, ili yamwambie abiria kwamba hachafui mbingu. Basi mtu anakata msitu, anapanda michikichi, anakamua, anatia matope kidogo, anaandika "taka". Msitu umeisha na ndege imekuwa safi. Anayepanda ndege hiyo analipa nyongeza ya tiketi, analala usingizi wa mtu mwema. Na sisi huku tunasukuma mkokoteni na chupa za Bep.

Yaliyotokea gatini siku hiyo sikuyaona. Alirudi nyumbani jioni mapema, akatundika koti, akasema, "Leo nimekataa meli." Basi. Akakaa kumenya viazi. Alimenya vya watu wanane.

Meneja wa bohari alikuwa Haverkort. Mrefu, mpole, hapazi sauti. Alimwita ofisini, akamwambia pua si cheti. Akamkumbusha mafuta ya watawa. Akasema kampuni haiwezi kutegemea kidole cha mtu. Wiki iliyofuata Neeltje alipelekwa stoo kugawa glavu na mabuti, chumba chenye dirisha dogo linalotazama mapipa ya taka. Mtu aliyejua mafuta kuliko wote bandarini, anauliza watu wanavaa saizi gani.

Aliandika barua kwa ofisi inayosimamia mambo hayo. Jibu lilikuja baada ya mwaka na zaidi. Lilimshukuru kwa barua yake.

Alikaa stoo miaka minne mpaka kustaafu. Siku ya kuagwa walimpa keki, juu yake wamechora ndege kwa sukari. Aliniletea kipande. Nikakitupa kwenye pipa.

"Mzee," akasema, "keki ina kosa gani?"

Yeye hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Aliendelea na chupa za mtaani kila Januari, anazipeleka bohari ileile, lango lilelile, anawasalimu kwa majina. Nikamwambia, unawapelekea nini hawa? Akasema mafuta ya Bep ni mafuta ya Bep, hayana hatia. Hasira yote aliniachia mimi niibebe. Naibeba.

Mwezi Machi Haverkort akaja. Saa nne asubuhi, wakati wa kahawa, na maua ya tulipu. Kwenye mazishi hakuonekana, alituma shada. Nikamwekea kahawa. Nikampa biskuti moja, nikafunga kopo.

"Pole sana, mzee wangu," akasema.

"Nimepoa."

"Bohari nzima inamkumbuka. Nimekuja na jambo zuri."

Akatandaza mchoro mezani, pale pale alipoinamia Neeltje. Tishali jipya la mafuta. Litazunguka bandarini kuuzia meli kubwa mafuta safi, na lenyewe litaendeshwa kwa mafuta hayohayo. Kubwa, jeupe, na mstari wa kijani ubavuni. Aliweka kidole mbele ya chombo.

"Hapa tunaandika Neeltje."

Nikasogeza kopo la biskuti kando.

"Wafanyakazi ndio waliopendekeza. Mwanamke wa bandari, mtoto wa kibanda cha chipsi. Watu wa magazeti watakuja. Na chupa ya kuzindua chombo utaivunja wewe mwenyewe. Wewe ni mtu wa tishali, mzee wangu. Unajua maana yake kuliko mimi."

Najua. Kwetu mtu anaita chombo chake jina la mkewe au mama yake, na jina hilo haliguswi mpaka chombo kivunjwe. La baba yangu liliitwa jina la bibi yangu, na lilipouzwa baba alilia mbele za watu. Sikuwahi kuwa na chombo changu mwenyewe. Sikuwahi kumpa Neeltje hilo. Haverkort alijua pa kunigusa, na akanigusa hapo.

"Ulimtoa gatini," nikasema. "Ukamweka na mabuti."

"Yalikuwa mambo ya kazi." Akakoroga kahawa ambayo hakutia sukari. "Na mwisho tulielewana. Mwisho alitia sahihi."

"Sahihi gani?"

"Ya ile meli. Alifikiri, akatia. Alikuwa mwanamke muungwana. Kwani hakukwambia?"

Nikasema kahawa imepoa. Akaelewa. Aliacha karatasi ya ruhusa juu ya meza, niitie sahihi, akainama mlangoni asigonge kichwa, akaenda.

Siku tatu nilikaa na karatasi ile. Barua za ofisi alikuwa ananisomea yeye. Sasa nikapita na kidole peke yangu: familia, ridhaa, heshima. Maneno makubwa. Lakini si hayo yaliyonikalia. Ni lile la sahihi. Nilikuwa nimemkasirikia Haverkort miaka tisa, sasa nikamkasirikia marehemu. Kama alitia, stoo ilikuwa ya nini? Ukimya ulikuwa wa nini? Nilitoa aproni yake kwenye msumari, nikaitia kwenye mfuko wa nguo za kugawa. Nikaitoa. Nikaitia tena. Nikakiuliza kiti chake kwa sauti, "Ulitia?" Mzee wa miaka sabini na nane anapigia kiti kelele.

Na mbaya zaidi, nilikuwa natamani lile tishali. Nilifumba macho nikaona jina lake likipita mtoni. Nikajichukia.

Siku ya nne Bep aliingia na bakuli la supu ya njegere.

"Leen, unanuka. Kula, halafu uoge."

"Neeltje alitia sahihi ya ile meli," nikasema.

"Nani kasema?"

"Haverkort."

Bep aliweka bakuli chini.

"Neel? Alikataa samaki wangu wawili, akubali meli nzima? Wee mzee, kufiwa kumekuharibu akili. Nenda kamuulize yule msichana wa maabara. Yeye alikuwepo."

Msichana wa maabara ni Ouafa. Si msichana tena, ana watoto wawili, na bohari aliiacha zamani, anapima damu hospitali. Alikuwa anamwita Neeltje mama. Nilioga, nikapanda basi mpaka Schiedam, karatasi mfukoni. Alinipa chai ya mnanaa na akaniketisha kwenye kiti kizuri.

Nikamwambia neno la Haverkort. Akaweka birika chini polepole.

"Hakutia, Mzee Leen."

"Una uhakika?"

"Nilikuwa nimesimama karibu naye kama nilivyo karibu na wewe, na chupa za sampuli mkononi. Walikuwa wamemzunguka. Msemaji wa wenye mzigo upande huu, nahodha upande ule anaangalia saa yake, bomba limeshaletwa. Haverkort akatoa kalamu yake mwenyewe, akamnyooshea. Akamwambia, 'Neeltje, nani atajua?'"

"Akasemaje?"

Ouafa akaanza kucheka, kisha akajifuta macho kwa mkono wa shati. Akaniambia alichosema.

"Rudia," nikasema.

Akarudia.

"Tena."

Akarudia mara ya tatu, polepole, kama mtu anayemsomea mtoto, mpaka nikalishika lote.

"Gati zima lilicheka," akasema. "Hata nahodha. Haverkort peke yake hakucheka. Alitia sahihi yeye mwenyewe, hapohapo, juu ya goti, na bomba likaunganishwa. Nilimwona." Akazungusha glasi yake mezani. "Na mimi nilinyamaza, Mzee Leen. Nilikuwa na mimba ya kwanza, na kazi yangu ilikuwa ya mkataba wa miezi. Mama Neel hakunilaumu. Alinigawia glavu akaniuliza mtoto anacheza?"

Nilikunywa chai yake mpaka mwisho. Sikumwambia si kitu. Haikuwa si kitu.

Kwenye basi nililirudia neno la Neeltje kituo baada ya kituo lisije likanidondoka. Mama mmoja akahama kiti.

Kesho yake asubuhi nilitoa mkokoteni. Chupa za tarehe mbili Januari zilikuwa bado kibandani uani, hazikuwa zimepelekwa, za Bep zikiwa juu. Nikazisukuma mpaka bohari, mwendo wa dakika arobaini, upepo wa mto usoni. Mlinzi wa lango alivua kofia. Nikashusha chupa zote pale zinapopokelewa, moja moja. Gatini kulikuwa na meli, bomba limeshaunganishwa, hakuna mtu juu ya ngazi. Hakuna aliyekuwa ananusa kitu.

Nikapanda ofisini na mabuti yangu. Haverkort alikuwa na watu wawili wenye tai, na ule mchoro mweupe ulikuwa umebandikwa ukutani, jina limeshaandikwa. Lilipendeza. Sitasema halikupendeza.

"Mzee wangu! Tulikuwa tunakuzungumzia wewe."

Nikaweka karatasi yake mezani. Haina sahihi.

"Hapana," nikasema.

Akawatazama wale wawili. Akatabasamu. "Kaa kwanza. Una huzuni, tunaelewa. Wiki ijayo tunaweza—"

"Hapana ya wiki ijayo pia."

"Rangi imeshaagizwa, mzee wangu."

"Andikeni jina lingine."

Tabasamu likapungua. "Jina Neeltje ni la watu wengi. Kisheria hatuhitaji—"

"Basi tafuta Neeltje mwingine. Mwite mume wake avunje chupa, na magazeti yamwulize yeye mkewe alikufanyia kazi gani, na kwa nini alimalizia stoo. Mimi wakiniuliza nitawajibu."

Mmoja wa wale wenye tai aliacha kuandika.

"Uliniambia alitia sahihi," nikasema. "Mezani kwangu. Na kahawa yangu mkononi."

Haverkort alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Hakukana. Angekana ningemheshimu kidogo. Alivuta karatasi, akafungua kalamu, labda ni ileile. Sauti yake bado ya upole.

"Kuna nafasi hapa ya sababu za kukataa. Niandike nini? Sababu za kifamilia?"

"Andika alichokujibu yeye."

"Alichonijibu lini?"

"Gatini. Ulipompa kalamu ukamwuliza nani atajua."

"Ni zamani sana. Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka, na sikuwepo. Andika, nitakusomea polepole. Alikwambia: 'Haverkort, nenda kanunue kiazi. Kimoja tu. Nikikaange humu mbele yako, ili karatasi yako iwe na ukweli hata wa kiazi kimoja.'"